Majeruhi Aliyenyamaza

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Machi, saa tatu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakishuka juu ya soko la mitumba la Kiborloni, Moshi. Mlima haukuonekana. Wauzaji walikuwa wamefunika meza zao kwa nailoni, na wanunuzi waliingiza mikono chini yake kama watu wanaotafuta mayai chini ya kuku.

Justina alikuwa akichagua mashati yaliyochakaa kuliko yote. Muuzaji alimtazama kwa mashaka, kwa kuwa wateja wake wengine walitafuta kinyume cha hayo.

"Dada, hilo lina tundu mgongoni."

"Nalitaka hilo hilo. Lenye matundu mawili ukilipata, nipe."

Mtu aliyekuwa meza ya pili, kwenye viatu, alicheka. Justina alikitambua kicheko hicho kabla ya kuinua macho. Alipoyainua, Ezra alikuwa amesimama mbele yake na jozi ya buti za mlimani kila mkono. Koti lake la mvua lilikuwa la rangi ya chungwa iliyofifia mabegani, pale mikanda ya mkoba inapokaa. Mvi chache zilikuwa zimeingia kwenye ndevu. Hapo Justina akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa na sweta kuukuu ya kijivu juu ya gauni la kitenge, na kwamba nywele zake, zilizosukwa twende kilioni wiki iliyopita, zilikuwa zimelowa.

"Siku hizi hospitali inawavisha wagonjwa mitumba, Sista?"

"Nawavisha watu watakaokufa Jumamosi ijayo," alijibu. "Na buti hizo ni za mke wako?"

"Ni za wapagazi. Mke sina. Mwenye mguu wa kujaza buti hizi ningemwogopa."

Justina hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kisha alieleza, kwa sauti ya kikazi, kwamba alikuwa muuguzi wa idara ya dharura katika hospitali moja ya mjini, na kwamba Zimamoto, polisi, Msalaba Mwekundu, wauguzi na waokoaji wa mlimani walikuwa wakiandaa zoezi la pamoja. Wangejifanya kwamba udongo umeporomoka Uru kwa mvua za masika na kufukia nyumba. Wanakijiji wangeigiza majeruhi, na yeye alitakiwa kuwatafutia nguo za kuchana na kuzipaka damu ya bandia. Ezra alimsikiliza hadi mwisho. Ndipo alipomwambia kwamba kiongozi wa waokoaji wa mlimani katika zoezi hilo alikuwa yeye.

Kwa hiyo wangekuwa pamoja wiki nzima. Walipeana namba za simu, kwa ajili ya kazi, na Justina akapanda bodaboda na furushi lake. Njiani hakuiona barabara. Alikuwa akiyaona mambo ya zamani.

Wakati huo yeye alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, na Ezra alikuwa msaidizi wa waongoza watalii. Alasiri walikuwa wakishuka pamoja hadi stesheni ya zamani ya reli, wakaketi ukingoni mwa jukwaa na kula ndizi za kuchoma, huku harufu ya kahawa ikija na upepo kutoka kiwandani. Treni zilikuwa adimu. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya mahali pale. Ezra alikuwa akinyoosha kidole kuelekea mlimani na kumwambia kwamba kesho mchana angekuwa pale, chini ya lile wingu. Kesho yake Justina alisimama kwenye dirisha la wodi na kulitafuta wingu. Huko juu palikuwa na jiwe moja ambapo mtandao ulishika, na waongoza watalii waliliita kibanda cha simu. Ezra alikuwa akisimama juu yake, anatweta, anapiga simu kumuuliza Justina tu kama amekula.

Kisha ikaja siku ya posa. Wazee wa Ezra walitarajiwa kutoka Masama na kupanda Uru. Nyumbani kwa akina Justina pombe ya mbege ilikuwa imeiva, viti vilikuwa vimeazimwa, na shangazi Kornelia alikuwa amevaa kitenge kipya tangu alfajiri. Wageni hawakuja. Watu walikuwa wamekwisha kunong'ona kwamba Walutheri wale hawakumtaka mkwe Mkatoliki, na sasa walinong'ona kwa sauti. Justina alijua kwamba Ezra alipaswa kuwa ameshuka mlimani siku iliyotangulia. Asubuhi iliyofuata alikwenda mjini na kuwaona watalii wa kundi lake wakinywa kahawa kwenye baraza la hoteli. Walimwambia safari ilikuwa imekwisha vizuri. Basi Ezra alikuwa ameshuka, na alikuwa amejificha. Justina aliifungia namba yake ya simu, na muda si mrefu akaenda Mwanza kusoma. Miaka saba ilikuwa imepita.

Mafunzo yalianza Jumatatu, kwenye ukumbi karibu na kituo cha Zimamoto, na yalianza kwa fujo. Kwa askari wa Zimamoto, filimbi ndefu ilikuwa na maana ya kutoka ndani haraka. Kwa waokoaji wa mlimani, filimbi ndefu ilikuwa na maana ya kuja hapa. Mkufunzi alipoipuliza, nusu ya watu walikimbilia nje na nusu wakakimbilia ndani, na wote wakakutana mlangoni. Sajini mmoja alipoteza kofia. Walicheka sana, kisha wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameona jinsi watu wanavyoweza kufa kwa jambo dogo kama hilo. Kabla ya chai walikuwa wamekubaliana filimbi moja kwa wote.

Jumanne Justina alifundisha kadi za rangi. Nyekundu ni ya anayeweza kufa sasa hivi asipohudumiwa. Njano ni ya anayeweza kungoja kidogo. Kijani ni ya anayetembea. Nyeusi ni ya aliyekufa.

"Mkifika, mtasikia kelele," aliwaambia. "Msizifuate. Anayepiga kelele anapumua. Mfuateni aliyenyamaza. Na hakuna kumfunga mtu kadi ukiwa mbali. Unafika, unapiga goti, unamgusa."

Mwokoaji mmoja mwembamba, aliyeitwa Thadeus, aliuliza ifanyweje kama aliyenyamaza hana jambo lolote, ila hapendi tu kusema.

"Hutajua kwa nini amenyamaza mpaka umfikie," Justina alijibu. Ezra, aliyekuwa ameketi nyuma, alikuwa akitazama dirishani.

Wakati wa chai Thadeus alimfuata Justina akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alimwamkia kwa adabu nyingi, kisha akasema yeye ndiye aliyewaharibia posa yao. Justina hakuelewa. Siku zote Thadeus alidhani kwamba Justina anajua. Alimweleza kwamba katika safari ile yeye alikuwa mpagazi, na mlima ulimkamata karibu na kilele. Kichwa kilimuuma kama kinachopasuka, na kifua kikaanza kuchemka kama sufuria. Njia fupi ya kumshusha ilikuwa ya upande wa pili, upande wa Rombo. Ezra aliwaacha watalii na kiongozi wa msafara washuke kwa njia ya kawaida, na yeye akamshusha Thadeus, sehemu nyingine akimbeba mgongoni. Simu yake ilikuwa imezimwa na baridi. Huko Masama, baba yake Ezra alisema hawezi kwenda kuposa wakati mwenye posa hajulikani aliko. Ezra alipopata umeme wa kuchaji simu, namba ya Justina ilikuwa haipatikani tena.

Justina alimaliza chai yake. Haikuwa na ladha yoyote.

Jioni hiyo simu yake ililia.

"Thadeus ana mdomo," Ezra alisema.

"Na wewe unao. Kwa nini hukuutumia Kiborloni?"

"Uliniuliza habari za mke. Nilijibu swali nililoulizwa."

"Bado mjinga."

"Bado yule yule. Wewe ndiye uliyeongeza mashavu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Namba hii ni ya kazi."

"Basi, Sista. Mpaka Jumamosi."

Walizungumza hadi chaji ikaanza kulalamika. Justina alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: alikuwa amepewa uhamisho wa Dodoma, cheo kizuri, na Jumatatu alitakiwa kutoa jibu. Ezra aliomba wakutane Jumamosi baada ya zoezi, saa kumi alasiri, kwenye jukwaa la stesheni. Justina alikubali, akaongeza kwamba asipomkuta hatamngoja mara ya tatu maishani, na Jumatatu atajua la kujibu.

Siku ya zoezi Uru iliamka na jua kali kati ya mvua mbili. Migomba ilikuwa inang'aa, na mikahawa michache ilikuwa imetoa maua meupe kabla ya wakati. Wanakijiji waliojitolea walijipanga tangu mapema. Justina aliwapaka maji mekundu ya rozela yaliyochanganywa na uji wa wanga, na kila mmoja alitaka jeraha kubwa kuliko la jirani yake.

Shangazi Kornelia, dada wa baba yake Justina, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea. Alipewa nafasi ya maiti, akaifurahia, kwa kuwa wenzake wangepiga mayowe juani na yeye angelala kwenye majani ya mgomba kivulini. Justina alimfunga kadi nyeusi na kumfunika shuka hadi kidevuni.

Filimbi ilipulizwa. Zimamoto waliingia kwenye kifusi, polisi wakafunga barabara, waokoaji wa mlimani wakapandisha machela kutoka korongoni kwa kamba. Mambo yalikwenda vizuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Kosa lilitokea mahali pengine kabisa. Waandaaji walikuwa wameziarifu ofisi zote, kuanzia wilaya hadi parokia. Hakuna aliyekumbuka kuliarifu kundi la ukoo kwenye simu.

Binamu mmoja alimpiga picha Kornelia akiwa chini ya shuka, na damu ya rozela shavuni, akaituma bila neno. Dakika chache baadaye Dar es Salaam walikuwa wanaulizana nani anakodi basi la msiba. Mwanamke wa kitongoji cha juu alitokea na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake walikuja wengine na mikungu ya ndizi, wakilia.

Simu ya Kornelia ilikuwa inalia chini ya shuka, mfululizo. Kornelia hakutikisika.

"Shangazi, pokea simu," Justina alimwomba.

"Maiti hapokei simu," Kornelia alisema bila kufungua macho. "Kadi umenifunga wewe mwenyewe."

Ilibidi kamanda wa zoezi aje mwenyewe kumpa ruhusa ya kufufuka.

Lakini Justina alikuwa amekwisha kumkumbuka baba yake. Mzee Sirili aliishi juu kabisa, karibu na msitu, na alikuwa na presha ambayo mwezi uliotangulia ilimlaza wodini. Alimpenda dada yake kuliko alivyokubali kusema. Justina alimpigia, simu haikupatikana. Barabara ilikuwa imezibwa na magari ya zoezi upande mmoja na magari ya waombolezaji upande mwingine. Aliomba mtu apande kwa miguu, na redio ikajibu kwamba mwokoaji mmoja alikuwa amekwisha kupanda zamani kwa njia ya korongoni. Baadaye jirani alipiga simu na kusema Mzee ameambiwa ana kwa ana, ameketi, anapumua vizuri. Justina alifuta machozi kwa mkono wenye rozela, na watu wawili wakataka kumpa kadi nyekundu.

Tathmini ilipokwisha alirudi mjini, akaoga, akavaa gauni la rangi ya maziwa lenye mkanda wa bluu. Alijilaumu kwa mkanda, lakini hakuuvua. Saa kumi alikuwa stesheni.

Majani yalikuwa yameota kati ya reli. Ukingo wa jukwaa ulikuwa bado umelika pale pale walipokuwa wakiketi. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na theluji ilionekana, ndogo kuliko ile ya zamani. Aliketi. Aliangalia mlango, kisha mlima, kisha simu. Kila pikipiki iliposikika aligeuka. Hatimaye alipiga. Namba haikupatikana.

Alijua sasa kitakachofuata, kwa kuwa alikwisha kukipitia. Ungekuja utulivu, na katika utulivu huo angeifungia namba, na Jumatatu angesema ndiyo. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya jina.

Ndipo aliposikia sauti yake mwenyewe ya Jumanne, ile ya kufundishia. Alikuwa amewaonya watu wazima, askari na wapagazi, wasimfunge mtu kadi wakiwa mbali. Yeye alikuwa amemfunga Ezra kadi nyeusi akiwa kwenye baraza la hoteli, kwa kuwasikiliza watalii wakinywa kahawa. Hakuwa amefika, hakuwa amepiga goti. Miaka saba majeruhi wake alikuwa amenyamaza, na yeye, Sista wa dharura, hakuwahi kumfuata.

Alimpigia Thadeus. Thadeus alishangaa kuulizwa. Aliyepanda kwa Mzee Sirili ni Ezra, alisema. Nani mwingine angeijua njia ile ya korongoni?

Bodaboda ilimpandisha Uru na gauni lake la rangi ya maziwa, na matope yakalipamba hadi magotini.

Uani kwa baba yake alikuta watu wengi kuliko siku ya posa. Kuni na ndizi zilizoletwa kwa ajili ya msiba hazirudishwi kwa mwenyewe, kwa hiyo sufuria kubwa zilikuwa motoni, ndizi na maharage bila nyama, maana ilikuwa Kwaresima. Kornelia aliketi katikati, akipokea salamu za kufufuka kama askofu. Karibu na moto, mikono ya shati ikiwa imekunjwa, Ezra alikuwa akimenya ndizi. Simu yake ilikuwa imefunguliwa na kulazwa juu ya kibao ikauke.

Mzee Sirili ndiye aliyemwona binti yake kwanza. Justina alimwamkia shikamoo, na Mzee akamvuta kando. Alimweleza kwamba kijana huyu alitokea korongoni amelowa hadi kifuani, akamsalimu, akamwambia kabla ya kuvuta pumzi kwamba dada yake ni mzima. Mzee alimtazama, akamuuliza kama si yeye yule wa Masama ambaye hakuja. Kijana alikiri. Mzee alimwambia kwamba leo amekuja, na aliyekuja haondoki kabla ya kula. Tangu hapo alikuwa akiomba ruhusa ya kushuka mjini, na Mzee alikuwa akimwongezea ndizi za kumenya.

"Sikujua anangojwa, mae, mwanangu," Mzee alisema. Kisha akarudi kwenye moto, taratibu.

Justina na Ezra walisimama nyuma ya nyumba, kati ya migomba.

"Nilikungoja," Justina alisema.

"Najua. Nilijua utaningoja, na nikapanda hivyo hivyo. Sitakudanganya, Tina. Ikitokea tena, nitapanda tena."

"Sikulaumu kwa kupanda. Mimi nilikuwa mzima, yule alikuwa anakufa. Ningemchagua yeye pia. Lakini aliye mzima naye hurudiwa kukaguliwa. Hilo ndilo hukulifanya."

"Nilipiga simu mpaka nikachoka."

"Ulipiga. Hukuja."

"Niliona aibu. Baba alikuwa amekataa kuja bila mimi, na wewe ulikuwa umenyamaza." Alijifuta utomvu wa ndizi kwenye suruali. "Na wewe hukuja kuniuliza."

"Sikuja," Justina alisema. "Leo nimekuja."

Kutoka uani ilisikika sauti ya Kornelia ikieleza kwa mara nyingine jinsi mauti yalivyo.

"Stesheni ungeniambia nini?" Justina aliuliza.

"Nilikuwa nimepanga kukuomba usiende Dodoma. Nimepata muda wa kufikiri hapa kwenye ndizi. Nenda au baki, Tina, lakini uwe mke wangu. Milima ya kupanda nitaitafuta hata huko."

"Dodoma hakuna milima, Ezra. Kuna vilima."

"Nitaanza upya na vilima."

Justina aliutazama mkanda wake wa bluu uliojaa matope, na alihisi kwamba hakuwahi kuvaa vizuri kama siku hiyo.

"Wazee wako waje Jumapili ya pili baada ya Pasaka," alisema. "Wewe ukiwa mlimani, waje bila wewe. Mimi nikiwa zamu, baba atawapokea. Hakuna tena kungoja mtu ndipo jambo litendeke."

"Na kanisa? Langu au lako?"

Mzee Sirili, aliyekuwa amekuja kuchota maji na hakuwa na haraka ya kuyachota, alijibu badala ya Justina. Alisema kwamba kwa asubuhi moja alikuwa amemzika dada yake na kumfufua, na hakuwa amebakiwa na nguvu za kugombania kengele.

Baada ya hapo kila mmoja alifanya yake. Kornelia alituma picha yake akila ndizi kwenye kundi la ukoo, na basi la Dar es Salaam likaahirishwa. Thadeus alinunua filimbi mpya na kuwafundisha wapagazi wenzake mlio mmoja. Waandaaji walikubaliana kwamba zoezi lijalo litatangazwa kwanza kwa koo, kisha kwa ofisi. Mzee Sirili alimeza dawa yake ya presha na kuanza kutafuta viti vya kuazima. Baba yake Ezra aliongoza wazee wa Masama hadi Uru siku iliyopangwa, akaomba radhi kabla ya kuketi. Ezra siku hiyo alikuwa mlimani, akimshusha mtalii aliyevunjika kifundo cha mguu. Justina alikuwa zamu. Jumatatu ile baada ya zoezi alikuwa ameuandikia mkoa kwamba anashukuru kwa Dodoma, lakini anabaki Moshi.